Mungu Amenisamehe: Je, Bado Nina Deni?



Wiki tatu zilizopita, katika mafundisho ya Jumatano jioni, tulikuwa kwenye somo la toba, na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha. Tulipokaribia kumaliza, kijana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono. Akasema, "Mzee, wale watu walioishi mbali kabisa, ambao hawajawahi kusikia Neno hata siku moja, walijua dhambi ni nini? Na kama walijua, walitubu kwa nani?"

Nilimjibu haraka, vile sisi wazee hujibu tukiona saa imeenda. Nikamwambia walikuwa gizani, basi, tukafunga kwa maombi. Lakini njiani kwenda nyumbani moyo ulinisuta. Katika Warumi 2 Paulo anafundisha kwamba hata mataifa wasiopewa torati wana dhamiri ndani yao, nayo huwashtaki. Kwa hivyo jibu langu halikuwa jibu. Nikaamua kutafuta watu walio mbali nasi kabisa, nisome waliamini nini. Nikawapata Wainuit, watu wa nchi ya barafu. Sikujua kwamba swali la yule kijana lingezunguka dunia nzima na kurudi mpaka mlangoni kwangu.

Watu wanaoishi kwa kuwinda

Wainuit ni wenyeji wa Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska. Zamani wageni waliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi siku hizi. Kanada peke yake ina Wainuit zaidi ya 70,000. Kwao bahari huganda ikawa kama uwanja, unatembea juu yake kwa miezi mingi. Sehemu nyingine jua likizama mwanzoni mwa baridi, halionekani tena kwa wiki kadhaa. Huko huwezi kulima. Hakuna mahindi, hakuna sukuma wiki. Mababu zao waliishi kwa kuwinda sili, nyangumi, kulungu wa kaskazini, na walarasi, yule mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu kama pembe za ndovu. Nyama ndiyo chakula, ngozi ndiyo nguo, na mafuta ya sili ndiyo taa na jiko ndani ya nyumba ya theluji. Sili akikosekana, taa inazimika, na watoto wanakufa.

Sasa ongeza hapo jambo la pili. Waliamini kwamba mnyama naye ana roho. Neno lao moja la roho, *anirniq*, maana yake ni pumzi. Mwanafunzi wa Biblia atakumbuka hapo Mwanzo 2, Mungu akimpulizia Adamu pumzi ya uhai. Basi ona shida yao: kila siku wanakula, na kila walichokula kilikuwa na roho. Sisi tunanunua nyama buchari na kusahau kwamba ilikuwa hai. Wao hawakuweza kusahau. Mwindaji akiua sili, mnyama huyo alimiminiwa maji matamu mdomoni, kwa sababu waliamini anayeishi kwenye chumvi siku zote ana kiu. Aliyekufa ili wao waishi, walimpa maji.

Hata jina kwao lilikuwa jambo la roho. Mtoto alipewa jina la marehemu, na waliamini kuna kitu cha yule marehemu kinachoendelea kuishi ndani ya mtoto. Msichana mdogo akipewa jina la nyanya yake, mama yake mzazi angeweza kumwita "mama" na kumheshimu hivyo. Hapo nilitabasamu, kwa kuwa jamii nyingi za Kenya tuna desturi ya karibu sana na hiyo. Kwetu nyumbani yuko kijana mmoja, mtoto wa dada yangu, ambaye ana jina la marehemu baba yetu. Tangu akiwa mchanga tunamwita "baba". Mkumbuke huyo kijana, nitamrudia.

Lakini msidhani ilikuwa dini ya raha. Mwaka 1922, msafiri Knud Rasmussen, aliyezaliwa Greenland na kuijua lugha ya Wainuit tangu utotoni, alimuuliza mwonaji mmoja wa kaskazini mwa Kanada aitwaye Aua kwa nini wanashika miiko mingi hivyo. Aua alimtoa nje penye dhoruba. Akamwonyesha wawindaji wanaorudi mikono mitupu. Akamwonyesha nyumba yenye baridi, watoto wanatetemeka kwa kuwa hakuna mafuta ya taa. Akampeleka kwa dada yake mwenyewe, mgonjwa, ambaye hakujulikana amekosa nini. Kila mahali alimuuliza Rasmussen: kwa nini? Rasmussen hakuwa na jibu. Ndipo Aua akamweleza kwamba wao hawana mafundisho yanayoeleza kila kitu. Wanaogopa tu. Wanaogopa baridi, njaa, magonjwa, na roho za wanyama waliowaua, na kwa hofu hiyo wanashika yale waliyoachiwa na wazee wao.

Binti wa baharini

Kilichonifunga mimi hasa ni hadithi ya binti wa baharini. Katika kisiwa cha Baffin aliitwa Sedna. Wengine walimwita Nuliajuk, wengine Takannaaluk. Kila sehemu wanaisimulia tofauti kidogo, lakini kiini ni hiki.

Kulikuwa na msichana aliyewakataa wachumba wote. Mwishowe akaolewa na mgeni aliyemwahidi maisha mazuri, nguo na chakula tele. Kumbe yule mgeni alikuwa ndege wa baharini aliyejigeuza mtu. Msichana akajikuta kwenye nyumba mbovu inayoingiza upepo, akila samaki tu. Alilia, akamwita baba yake. Baba akaja, akampakia kwenye mashua, wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Ndege wakafuata, wakaleta dhoruba kali. Mashua ikakaribia kuzama. Baba akaogopa. Ili yeye apone, akamtupa binti yake majini.

Binti akashika ukingo wa mashua. Baba akachukua kisu, akamkata vidole, kiungo kwa kiungo. Vipande vilivyoanguka baharini vikawa sili, walarasi na nyangumi. Binti akazama. Tangu siku hiyo anakaa chini kabisa ya bahari, na wanyama wote wa majini ni wake.

Hebu tulia hapo kidogo, mpendwa. Watu hawa walikuwa wakiambizana kila majira ya baridi kwamba kile wanachokula kimetoka kwenye vidole vya binti aliyetendewa ubaya na baba yake mwenyewe. Kila sufuria ya nyama iliwakumbusha mkono uliokatwa.

Sasa, walisema watu wakivunja miiko, uchafu wa makosa yao unashuka baharini na kunasa kwenye nywele za yule mwanamke. Nywele zinajaa taka, zinamfunika uso. Na kwa sababu hana vidole, hawezi kujichana. Anakasirika, anawafungia wanyama, na huku juu njaa inaingia.

Ndipo anahitajika *angakkuq*, yaani yule tunayeweza kumfananisha na mganga na mwonaji kwa pamoja. Watu wanakusanyika katika nyumba moja. Taa zinapunguzwa. Yeye, waliamini, anasafiri kwa roho mpaka chini ya bahari, anapita vizuizi vya kutisha, anamfikia yule mwanamke, na kazi yake kubwa huko ni moja: kumchana nywele. Anazisafisha taratibu mpaka hasira ipoe. Akirudi, watu wote waliokaa nyumbani humo wanaanza kukiri makosa yao kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya majirani. Hata yale waliyoyaficha miaka. Baada ya hapo wanafurahi, wakiamini sili watarudi.

Ninachokikataa

Kabla mtu hajaenda kwa mchungaji kusema mzee anafundisha miungu ya wageni, niseme wazi. Simwamini Sedna, wala siwatumi kwa mganga. Lakini Paulo alipofika Athene, katika Matendo 17, alitembea akaangalia madhabahu zao kwanza, akaanzia hapo. Nami naanzia hapa.

Na kuna mambo kwenye mila hiyo ambayo Injili inayavunja. La kwanza ni hofu ile ya Aua. La pili ni kumtafuta wa kulaumiwa. Miiko mingi iliwaangukia wanawake. Mama aliyeharibikiwa na mimba akaficha, aliweza kuambiwa yeye ndiye aliyefukuza wanyama. Fikiria mama aliyepoteza mtoto, halafu anabebeshwa njaa ya kijiji kizima. Na tusiwacheke. Hata kwetu mvua ikikosa, au biashara ikianguka, si utasikia watu waliookoka wakinong'ona kuhusu mjane fulani? Wanafunzi walipomuuliza Yesu katika Yohana 9 ni nani aliyekosa hata yule mtu akazaliwa kipofu, Yesu aliwakatalia hesabu hiyo.

La tatu ndilo kubwa. Sedna alikatwa mikono bila hiari yake, na jeraha lake likawa hasira ambayo watu waliishi wakiiogopa. Yesu alitobolewa mikono kwa hiari yake, na akiwa pale pale msalabani aliwaombea msamaha waliomtoboa. Huyu hatuendi kumtuliza. Yeye mwenyewe alishuka, Wafilipi 2, mpaka chini kabisa.

Wainuit wenyewe walilisikia hilo. Wamisionari wa Moravia walifika Greenland mwaka 1733, wakahubiri miaka mitano karibu bila matunda. Mwaka 1738, mmoja wao, Johann Beck, alikuwa akitafsiri Injili, na wenyeji waliopita wakataka kujua anaandika nini. Akawasomea mateso ya Yesu pale Gethsemane. Mtu mmoja aitwaye Kajarnak akasogea, akataka aelezwe tena, kwa sababu naye alitaka kuokolewa. Mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka, alibatizwa pamoja na jamaa yake. Mahubiri ya miaka mitano hayakumgusa. Kilichomgusa ni kusikia kwamba Mungu alitoka jasho la uchungu kwa ajili yake.

Kile ambacho sikuweza kukikataa

Kwa hivyo ningeweza kumaliza hapo, tuseme Haleluya, sisi tuna Yesu. Lakini lile chanuo lilikataa kunitoka akilini.

Angalieni vizuri. Wale watu hawakudhani kwamba kosa linaisha ukishalijutia. Walisema kosa linaenda mahali. Linanasa kwenye nywele za mtu, tena mtu ambaye tayari ameumizwa na hawezi kujisaidia. Na haitoshi kulia nyumbani. Lazima kuwe na kushuka mpaka alipo, na kazi ya mikono, taratibu, mpaka nywele zitoke taka.

Toba yetu sisi ikoje? Mwito unatolewa, kinanda kinalia polepole, tunapita mbele. Tunalia kweli, sisemi ni uongo. Tunaombewa, tunainuka wepesi, tunarudi kitini. Na yule tuliyemkata vidole hayupo. Mara nyingi hata hajui kwamba Jumapili ile tulitubu kwa ajili yake.

Basi hili ndilo swali: Mungu akishanisamehe, je, bado nina deni kwa mtu niliyemkosea?

Mtu ataniambia, Mzee, Daudi katika Zaburi 51 anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Ni kweli. Lakini Uria alikuwa ameshakufa kwa upanga wa wana wa Amoni. Daudi hakuwa tena na mtu wa kumwendea, na hiyo ilikuwa sehemu ya msiba wake. Mimi niliyemkosea angali hai siwezi kujificha nyuma ya zaburi ya mtu aliyemuua wake.

Mwingine atasema, ukirudisha ulichochukua unataka kununua wokovu kwa matendo. Hapana. Someni Walawi 6: aliyemdhulumu jirani yake anarudisha kitu chote, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, na pia analeta sadaka yake kwa kuhani. Mambo mawili, sehemu mbili. Kondoo wa sadaka hakumlipa jirani, na malipo ya jirani hayakuwa sadaka. Katika Mathayo 5 Yesu anaamuru mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kwa ndugu yake. Na Zakayo, kabla Yesu hajatangaza wokovu umefika nyumbani mwake, tayari alikuwa amesimama akihesabu atamrudishia nani na mara ngapi.

Msamaha wa Mungu unaondoa hukumu yangu. Haumrudishii mwingine kilicho mikononi mwangu. Mungu ananisamehe mimi wizi. Hamsamehe yule niliyemwibia njaa yake, kwa sababu njaa si kosa lake. Njaa ile inaondoka tu nikifungua mkono.

Kanisa lenyewe limelazimika kujifunza hili, tena kwa Wainuit hao hao. Shirika la CMS lililomleta Krapf Mombasa mwaka 1844 ndilo lililomtuma Edmund Peck kaskazini mwa Kanada mwaka 1876. Peck aliwaletea Wainuit maandiko kwa lugha yao, na wao wakafundishana kusoma, wakabeba Neno mpaka kambi ambazo hakuna mmisionari aliyezifikia. Kazi njema. Lakini baadaye, katika karne ya 20, serikali ya Kanada pamoja na makanisa, Anglikana na Katoliki, ziliendesha shule za bweni ambako watoto wa Kiinuit, kama watoto wa wenyeji wengine, walitengwa na wazazi wao. Wengi walikatazwa kusema lugha ya mama. Wengine walipigwa, wengine wakanajisiwa. Waliofanya hayo walikuwa wakiimba tenzi asubuhi na jioni.

Mwaka 1993 askofu mkuu wa Anglikana wa Kanada, Michael Peers, aliomba radhi hadharani. Mwaka 2008 waziri mkuu Stephen Harper akaomba radhi bungeni. Fidia ililipwa. Tume ikakaa miaka kadhaa ikiwasikiliza waliosoma huko, na ikatoa ripoti yake mwaka 2015. Hakuna mtu anayesema hiyo ilitosha. Lakini kumbuka, makanisa hayo yangeweza kusema, "Tulishatubu mbele za Mungu, yamepita." Hawakuweza. Ilibidi wakae, wasikilize, walipe. Walikuwa wanachana nywele zilizojaa taka zao wenyewe.

Vidole vya dada yangu

Sasa nifike nyumbani.

Baba yetu alituachia ekari nne. Tuko wanaume watatu na dada mmoja. Dada aliolewa mbali, na mume akamtesa. Baba mwenyewe, akiwa mzee, alipanda gari akaenda kumchukua, akarudi naye na watoto wawili. Alimwonyesha sehemu, upande wa chini karibu na mto, akasema utalima hapa. Hakuandika popote. Mwaka mmoja baadaye Baba akafariki.

Ikaja siku ya kupeleka majina ya warithi. Orodha tuliyoipeleka ilikuwa na majina matatu, ya wanaume tu. Mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu. Dada alipouliza, nilimwambia, "Wewe ulishaolewa, una kwenu." Kwao wapi? Sheria ya nchi inamtambua binti kuwa mrithi, sikuhitaji wakili kunieleza. Nilijua. Lakini mashamba yamekuwa madogo, watoto wangu walikuwa wanakua, na niliogopa. Baba yetu alimtoa kwa yule ndege. Sisi ndugu zake ndio tulioshika kisu.

Dada akahamia mjini, chumba kimoja cha kupanga, anauza mboga. Na yule kijana tunayemwita "baba", mwenye jina la mwenye shamba, tukamtoa kwenye shamba lake mwenyewe. Mwinuit angeshtuka kusikia hilo.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeokoka miaka 11. Upande wa chini karibu na mto unazaa vizuri sana, na fungu la kumi la mavuno yake nililileta hapa madhabahuni, kwa uaminifu, kila msimu. Mara mbili nilipita mbele kutubu "dhambi zote za siri". Nililia. Machozi yangu hayakusogeza mpaka wa shamba hata hatua moja. Dada akinigusia jambo hilo, nilimwambia, "Tuliombee." Ona unafiki huo. Mtu anakuomba chanuo, unamwambia mfunge mkaombe.

Jumamosi iliyopita nilienda kwake. Sikumkuta nyumbani, nilimkuta kwenye kibanda chake, nikakaa kwenye kreti. Nikamwambia yote, hata ile ya kuandika orodha, kwa maana nilikuwa nimemwacha adhani ni kaka yetu mkubwa. Sikumwambia Mungu amenisamehe. Niliona hilo si la kumwambia kwanza.

Hakulia, wala hakunikumbatia. Aliendelea kukata sukuma. Baadaye akaniuliza, "Baba Neema, na wale wengine wamekubali?" Nikamwambia mmoja amekubali, mkubwa bado. Akasema, "Sawa. Nitaamini nikimwona mpima ardhi." Kisha akamhudumia mteja.

Nilirudi bila ule wepesi tunaousikia baada ya kuombewa. Nikaona pia kwamba haikuwa haki yangu kuudai. Wepesi unaokuja haraka, mara nyingine, ni ishara kwamba aliyeumizwa hakuwepo. Kuchana nywele zilizokaa taka miaka mingi si kazi ya mchana mmoja. Kaka yetu akikataa kabisa, sehemu yangu mimi iko, itagawanywa, na hayo mavuno niliyokula nitayahesabu. Naandika hapa, mbele ya kanisa, ili mniulize nimefika wapi. Mniulize kweli, msiniambie tu mtaniombea.

Na kwa yule kijana wa kidato cha nne: mwanangu, nisamehe kwa lile jibu la haraka. Ndiyo, walijua dhambi. Hawakumjua Yeye aliyeshuka kwa ajili yao. Lakini walijua kwamba dhambi ina mahali inaponasa, na kwamba mtu lazima aende huko. Sisi tunaomjua aliyeshuka, ni aibu tukibaki juu.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Yuko nani ambaye umetubu kwa Mungu kwa ajili yake, lakini hujawahi kumwendea?
2. Je, kuna kitu unachokula leo kilichotoka kwenye "vidole" vya mtu mwingine? Someni Walawi 6:1–7 na Luka 19:1–10 pamoja.
3. Kama uliyemkosea ameshakufa, ni nani wa nyumba yake aliyebaki?

Tuombe

Bwana Yesu, asante kwa kushuka mpaka tulipokuwa. Mikono yetu uliyoiosha usiiache ikae mitupu mapajani. Tuonyeshe mlango wa kubisha wiki hii, na tukifika, utupe unyenyekevu wa kukaa mpaka kazi iishe. Amina.